Kuota Gani, Shangazi?

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa, unapanda ngazi za kazini bila kusimama katikati ukijifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Mapacha hawajambo? Kwenye picha ya mwisho uliyotutumia hawakuwa na meno ya mbele. Nadhani sasa yameota na wanaumana.

Sisi huku tunaendelea. Mama anashona kola za sare za shule mpaka macho yanatoa machozi. Baba yuko safarini na lori, simu yake leo inapatikana, kesho haipatikani. Mimi nimemaliza shule kama unavyojua, nasubiri matokeo. Mchana nakaa na Bibi na kushona vifungo vya mashati ya Mama. Nimeshona vifungo vingi hadi nikifumba macho naona vitundu vinne vinne.

Nimekusalimu vizuri, Shangazi, kwa sababu ndivyo mlivyotulea. Sasa naomba unisamehe mapema, maana nina hasira. Nina hasira na Baba Mkubwa, nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi mwenyewe. Wote mnaniita Kimya, na ni kweli, mbele za watu ulimi wangu unalala. Lakini kwenye karatasi hakuna anayenitazama usoni.

Nimeandika barua, sikutuma ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe wa simu ndio uliotuponza. Mwenzake Baba anakuja huko na lori lake kesho asubuhi, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Itakufikia Jumatano. Tafadhali isome yote, na uisome kabla ya Jumamosi.

Kwanza habari za mama yako. Unajua kwamba kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno. Usichojua, kwa sababu simu zako huwa zinapokelewa na Baba Mkubwa, ni kwamba hakikuchukua kila kitu. Mwezi wa kwanza kule kliniki, yule dada mrefu wa mazoezi ya viungo alimwuliza jina lake. Bibi alifungua mdomo, akatafuta, akakosa, akaanza kulia. Yule dada akamwambia, "Basi bibi, tusiongee. Tuimbe. Wewe unajua wimbo gani?"

Shangazi, Bibi aliimba. Mama yako ambaye hawezi kusema "maji" aliimba ubeti mzima, na kila neno likakaa mahali pake. Mama alikuwa amebeba mkoba, ukamponyoka. Yule dada alitueleza kwamba wakati mwingine maneno ya kuongea na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani. Moto ukiunguza chumba kimoja, kingine kinaweza kubaki. Alisema tumwache aimbe kila siku, na siku moja huenda neno moja likavuka kutoka chumba hiki kwenda kile.

Wimbo wenyewe unaujua, umekua nao. Ni ule aliotunga kwenye kitalu cha miche, alipokuwa akikaa na wenzake mchana kutwa wakijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni. Nauandika hapa kwa sababu sijui kama bado unaukumbuka, na nitauhitaji mbele.

*Jua latoka, naota,*
*baridi yangu yapita,*
*mifupa haina vita,*
*naota mie, naota.*

*Macho nafumba, naota,*
*waliokwenda naita,*
*nao mlango wapita,*
*naota mie, naota.*

Nilipokuwa mdogo alinionyesha ujanja wake. Neno ni moja lakini kazi zake ni nyingi. Ubeti wa kwanza anaota jua. Ubeti wa pili anaota ndoto. Nikamwuliza kuhusu ile kuota ya mimea, mbona haimo? Akacheka, akasema, "Huo ubeti wa tatu nimekuachia wewe, mke mwenzangu. Siku ukipata sauti utautunga." Kila mwaka alikuwa ananiuliza kama nimeupata. Nilikuwa natikisa kichwa na kukimbia.

Basi tangu siku ile ya kliniki, kila asubuhi nilikuwa namtolea kiti chini ya mpera. Unaukumbuka mpera wetu, ule alioleta kutoka kitaluni mwaka niliozaliwa, mche uliopinda shingo ambao kila mtu aliukataa. Hapo palikuwa na jua la kupita matawini, haliunguzi, linapasha tu. Anakaa, ananyoosha ule mkono mbaya juu ya paja ulipate joto, anaimba. Nilikuwa nashona vifungo pembeni na kumsikiliza. Wiki ya pili alianza kuchezesha vidole viwili vya mkono ule kufuata mapigo ya wimbo. Nilifurahi mpaka nikakuandikia ujumbe, mimi ambaye huwa siandikii mtu. Nafikiri bado unao kwenye simu yako. Uangalie. Nilikuandikia hivi: "Shangazi, Bibi kila asubuhi yuko nje chini ya mpera anaota, hataki hata kurudi ndani."

Ukinyamaza kidogo hapo, Shangazi, labda utaona tatizo. Mimi sikuliona mpaka jana.

Jumanne moja mwezi uliopita tulikwenda kliniki. Tuliporudi saa sita mpera ulikuwa chini. Baba Mkubwa alikuja na mtu mwenye msumeno wakati hatupo. Alijua hatupo, yeye ndiye anayeandika tarehe za kliniki ukutani. Matawi yalikuwa yamepangwa ukutani kama kuni za kuuza, mapera machanga yamemwagika uani, mengine yamekanyagwa. Kisiki kilikuwa kinafika magotini, cheupe, kinatoa maji.

Nilimwuliza Mama kwa sauti ndogo kwa nini. Mama akamwuliza Baba Mkubwa kwa adabu. Baba Mkubwa akasema majani yanaziba mfereji wa bati, na kwamba mti ni mti tu. Akaongeza kwamba atasakafia ua wote, mzee asije akateleza kwenye matope. Mama alimpigia Baba, na Baba kutoka huko barabarani akasema kaka ndiye mkubwa. Basi. Watu wazima watatu, na hakuna aliyemtazama Bibi.

Mimi nilimtazama. Alisimama akishika bega langu, akaangalia pale palipokuwa na mti, kisha akageuza uso kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni wakati anaoga. Siku hiyo hakuimba. Kesho yake hakuimba. Siku kumi na tisa, Shangazi, nilizihesabu kwa vifungo, kila siku natia kimoja kwenye kikombe. Vidole vyake viwili vikalala tena. Yule dada wa kliniki alituuliza, "Mmemfanya nini huyu?" Mama akaangalia sakafu. Nami niliangalia sakafu, na sakafu ya kliniki haina kosa lolote.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na nataka uelewe ni hasira ya namna gani. Si ya kupiga kelele. Nilikuwa nakaza uzi mpaka unakatika. Nilimpikia Baba Mkubwa chai Ijumaa alipopita, nikampa kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama kawaida, na moyoni nilikuwa namwagia chai hiyo viatuni. Aliniambia, "Kimya bwana, mtoto mwenye adabu." Nilitaka kufa.

Kitu pekee nilichofanya ni ukaidi mdogo. Kila nikisuuza nguo, maji ya mwisho nilikuwa namwagia kile kisiki. Mama alidhani nimechanganyikiwa. Sikuwa na matumaini yoyote, usifikiri nilikuwa na busara. Nilikuwa namwagia kwa hasira, kama mtu anayeendelea kumsemesha mwenzake aliyekata simu.

Jumapili iliyopita, baada ya ile mvua ya kwanza, nilikwenda na beseni nikaona kitu chekundu kwenye gome. Nilidhani ni mdudu. Nikainama. Shangazi, yalikuwa machipukizi. Manne upande wa ukutani na moja peke yake upande wa bomba, majani madogo yamekunjana mawili mawili, laini kama masikio ya panya mchanga. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa sauti, mimi Kimya, mpaka jirani akachungulia akauliza kama kuna msiba.

Nilimleta Bibi. Nilichukua mkono wake mbaya, nikaweka kidole chake juu ya lile chipukizi la peke yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu koo lake likaanza kuunguruma, bila maneno, lakini mapigo yalikuwa yale yale. Alinitazama na kuinua nyusi. Nilijua ananiuliza swali lile la kila mwaka.

Siku hiyo hiyo nilianza kuutunga. Shule walitufundisha mizani minane, kwa hiyo nilihesabu kwa vidole huku nashona, nikafuta, nikaandika nyuma ya kadi za vifungo. Ulikuwa umebaki mstari wa pili tu. Ijumaa Mama alisema fundi wa zege anakuja kesho, na mstari wa pili ukaja wenyewe, kwa hasira.

Sasa nikueleze ya jana, Jumamosi, neno kwa neno, kwa sababu nina hakika Baba Mkubwa ameshakueleza ya kwake.

Bibi alikuwa kwenye kiti, kando ya kisiki, juani. Fundi alikuja na toroli, mchanga, kokoto na mifuko ya saruji. Akakoroga zege la kwanza, akaja na koleo lake, akamwona Bibi, akasimama. Ni mtu mnene, mcheshi, ana kofia ya sufu juani.

"Bosi," akamwambia Baba Mkubwa, "huyu bibi naona ameota mizizi. Tunamwaga zege na yeye humo humo?"

Baba Mkubwa hakucheka. Akainama kwa Bibi. "Mama, twende ndani."

Bibi hakutikisika.

"Kimya, mwinue bibi yako."

Nikasema, "Hapana, Baba Mkubwa."

Sijui ilitoka wapi. Hata fundi aligeuka. Baba Mkubwa akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. "Leo umepata mdomo? Matokeo hata hayajatoka!"

"Kisiki kimechipua," nikamwambia. "Ukimwaga zege kitakufa, na Bibi hataimba tena."

"Kuimba! Huyu mama ni mgonjwa. Shangazi yako mwenyewe alinipigia, analia, ananiambia Mama yuko nje kila asubuhi anaota, anaweweseka chini ya huo mti, hataki kuingia ndani, uondoeni huo mti kabla hajaanguka. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema wewe! Wewe ndiye uliyemwandikia!"

Nikaukumbuka ujumbe wangu wote, herufi kwa herufi. Bibi yuko nje chini ya mpera anaota.

Jua, Shangazi. Nilimaanisha jua! Anaota jua, kama paka, kama mtu yeyote mwenye baridi! Ukasoma kwamba mama yako amepotewa na akili, anaona ndoto mchana. Umelala na wimbo ule masikioni tangu uko mgongoni, na neno lenyewe likakupita. Hukunipigia kuuliza kuota gani. Ulimpigia yeye. Na yeye hakuja hata asubuhi moja kukaa na mama yake aone anaota nini. Na mimi, kwa uvivu wa vidole, sikuandika neno moja zaidi. Jua. Herufi tatu. Tumekata mti mzima kwa sababu ya herufi tatu nilizozibana.

Nililia, lakini kilio hakikuziba mdomo, na hilo lilinishangaza. Niliposhindwa kumweleza nikaimba. Nilianza ubeti wa kwanza, sauti inatetemeka vibaya. Kwenye mstari wa pili Bibi akaingia. Maneno, Shangazi, si mngurumo. Tukaimba wa pili pamoja, yule fundi akavua kofia, sijui kwa nini. Tulipofika mwisho Bibi akanyamaza akanitazama, akaacha nafasi, ile nafasi yangu. Nikaimba wa tatu, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani.

*Nikikatwa nitaota,*
*saruji nitaipita,*
*chini maji nayavuta,*
*naota mie, naota.*

Baba Mkubwa alikuwa ameangalia machipukizi, naamini ndiyo mara ya kwanza kuyaona. Akachuchumaa mbele ya Bibi, akamwuliza, safari hii kwa sauti ya mtoto kabisa, "Mama, unafanya nini hapa?"

Bibi akamjibu, "Naota."

Bila wimbo. Alisema tu, kama mtu anavyosema. Neno la kwanza tangu augue, limevuka kutoka chumba hiki kwenda kile. Kisha akanyoosha ule mkono mbaya, polepole, akausogeza mbele ya kivuli cha mwanawe mpaka ukafika kwenye mwanga.

Fundi akasema taratibu, "Anaota jua, bosi. Umemkingia."

Baba Mkubwa alisogea. Alisogea hatua moja pembeni, jua likampiga Bibi usoni, na kwa dakika nzima niliamini yamekwisha. Lakini aliposimama aliona fundi anamtazama, nadhani akaona aibu, na aibu ya watu wazima inageuka ukali. Akasema leo basi, lakini ua lazima usakafiwe, amri ni ya dada, yeye hawezi kuigeuza. Jumamosi ijayo atarudi na fundi mwingine asiyependa nyimbo. Akaondoka bila kunywa chai.

Zege lilikuwa limeshakorogwa, na zege halisubiri mtu amalize kugombana. Fundi akauliza, "Sasa nilipeleke wapi hili?" Mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sindano mdomoni, akaitoa na kusema, "Kizingiti cha bafu. Anajikwaa hapo kila siku." Akalitengeneza, mteremko mzuri, na Bibi ameshapita hapo mara nne bila kushikwa. Kama mlikuwa mnaogopa asianguke, Shangazi, mahali pa kumwaga zege palikuwa pale, muda wote.

Sasa unajua ninachotaka. Baba anasema kaka ndiye mkubwa, Baba Mkubwa anasema dada ndiye aliyeamuru. Basi imebaki wewe. Mpigie kabla ya Jumamosi. Sitaki umgombeze, nimeshamgombeza ya kutosha moyoni. Mwambie tu kwamba ulisoma vibaya na kwamba niliandika vibaya. Na kama hukusema mti ukatwe, kama hilo aliliongeza yeye, niambie ukweli, nitakaa nao.

Najua ulilia uliposoma ujumbe wangu. Najua uko mbali, na mtu aliye mbali anasoma kwa hofu. Nimejaribu tangu jana kukuacha nje ya hasira yangu kwa sababu hiyo. Bado sijaweza, lakini nitaendelea kujaribu.

Mama anakusalimu sana, anasema ukipata uzi mweupe mzuri huko usimsahau. Jirani mchungulizi anakusalimu. Bibi wa kliniki mwenye fimbo, yule rafiki yake Bibi, anauliza lini utakuja. Wabusu mapacha, na uwafundishe ubeti wa kwanza, hata kama matamshi yatakuwa ya huko. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe nafuu ya goti, na akukutanishe na mama yako angali anakujua.

Nilikuwa nimeshafika mwisho na kukunja karatasi. Lakini Bibi yuko hapa kando yangu, juani, mguu wake umegusa kisiki, kwa hiyo nikamwuliza, "Nimwambie nini Shangazi?" Alifikiri sana. Niliona neno linatafutwa, nikakaza mdomo nisimsaidie, maana yule dada wa mazoezi amekataza. Akasema, bila wimbo:

"Njoo."

Hilo halina maana tatu, Shangazi.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata leo nikiwa nimekukasirikia,

Kimya